Kabla Hujacheka Nao

Mjukuu wangu,

Picha uliyonitumia nimeiona. Nilimwomba mama yako aikuze kwenye simu, maana macho yangu siku hizi huchagua siku ya kufanya kazi. Mzee mwenye ndevu, kofia nyeusi, miwani imeshuka puani, ameinamia meza anahesabu sarafu. Umeandika kwamba mwenzako wa chumbani amekununulia gulioni, akakuelekeza uitundike karibu na mlango ili fedha isikauke ndani, na kila Jumamosi uigeuze kichwa chini ili zile sarafu zimwagike zibaki kwako. Ukamalizia kwa kicheko: “Babu, kumbe hata Wazungu wana hirizi kama sisi!”

Nikacheka kidogo, kwa kuwa mimi na wewe ni watani na kunichokoza ni haki yako. Halafu kicheko kikanikauka. Haya ninayotaka kukwambia nimeyasema miaka mingi, darasani nilipokuwa mwalimu na barazani nilipostaafu, na kusema kweli nimechoka nayo. Sikufokei. Kaa tu unisikilize, na usisome huku unatazama mpira.

Mzee huyo wa pichani ni Myahudi. Si Myahudi mwenye jina wala mtaa wake; ni Myahudi wa kubuniwa, anayetambulika kwa mavazi na kwa fedha. Picha hizo na vinyago vya namna hiyo vimeuzwa Poland kwa miaka mingi, madukani na magulioni, hata kwenye gulio la Emaus linalofanyika Kraków kila Jumatatu ya Pasaka. Mwaka 2021 wakuu wa mji wa Kraków waliamua kwamba vinyago vya Myahudi mwenye sarafu visiuzwe tena hapo. Kuna waliouliza: kosa liko wapi? Si tunamsifu mtu kwa akili ya fedha? Nami naamini wengi wao hawana kinyongo na yeyote, na huyo mwenzako naamini yumo miongoni mwao.

Hapo ndipo ninapotaka utulie. Chuki inayopiga kelele kila mtu huitambua na polisi huitwa. Hii iliyotundikwa ukutani kwa upole, inayoombwa baraka, haimshtui mtu. Inamzoesha mtoto kujua sarafu za jirani kabla hajajua jina la jirani. Na siku fedha ikikosekana nchini, mtoto huyo amekwisha kufundishwa aende kuitafuta kwa nani.

Uliza basi, hao jirani wenyewe wako wapi? Kabla ya vita vya 1939 Wayahudi wa Poland walikuwa wapatao milioni 3.3, mtu mmoja katika kila kumi. Warsaw walikaribia theluthi ya wakazi. Na Łódź yako hiyo unakosoma, mji wa viwanda vya nguo, walikuwa takriban 230,000, nao theluthi. Walikuwa wafumaji, mafundi cherehani, wachukuzi, walimu, madaktari. Wenye viwanda wachache, na fukara wengi mno. Mwenye rundo la sarafu ungemtafuta sana katika vichochoro vya Bałuty. Ni Bałuty hiyo hiyo ambayo Wajerumani waliizungushia uzio mwaka 1940 wakaifanya geto. Katika Wayahudi hao wa Poland, wapatao milioni tatu waliuawa, na waliopona wakazidi kuondoka kwa sababu nitakazokugusia. Katika sensa ya 2021 watu wapatao 17,000 tu ndio walioandika kwamba wao ni Wayahudi, katika nchi ya watu milioni 38. Unaweza kumaliza shahada yako ya udaktari hujakutana na hata mmoja.

Lakini kuta za mji wako zimejaa jina lao. Uliniambia mwenyewe, ulipofika, kwamba uliona nyota ya Daudi imechorwa ikining’inia kwenye kitanzi, ukadhani ni mambo ya siasa za Mashariki ya Kati. Sivyo. Ni mpira. Mashabiki wa ŁKS huwaita wa Widzew Wayahudi, na wa Widzew huwaita wa ŁKS Wayahudi, na kila upande huona umemtukana mwenzake tusi la kutosha. Hawa ni Wapoland kwa Wapoland, wamebatizwa parokia zile zile. (Wapo pia wakazi wa Łódź ambao kwa miaka wamekuwa wakitoka na ndoo za rangi kufuta michoro hiyo. Watafute. Ni watu wazuri wa kujuana nao ugenini.)

Sasa umeanza kuona ninakokupeleka. Katika Poland ya leo Myahudi hutajwa zaidi pale Wapoland wanapogombania nani ni Mpoland wa kweli. Fimbo inaitwa kwa jina la watu ambao wengi wao wamekwisha kufa au kuondoka, na inayempiga mara nyingi ni mwenye nyumba mwenyewe.

Haikuanza hivyo. Mwaka 1264 mtawala mmoja aliyeitwa Bolesław, watu wakamwita Mcha Mungu, alitoa hati katika mji wa Kalisz kuwapa Wayahudi ulinzi wa sheria. Ndani yake mna mambo mawili ambayo kila nikiyakumbuka huvua kofia. La kwanza, ilikatazwa kuwazulia Wayahudi kwamba wanatumia damu ya Wakristo. La pili, Myahudi akipiga kelele usiku kuomba msaada, jirani yake Mkristo asipotoka kumsaidia atalipa faini. Hebu fikiri, karne ya kumi na tatu, sheria inamtoza mtu faini kwa kujifanya amelala! Karne iliyofuata mfalme Kazimierz akaithibitisha hati hiyo, na Wayahudi waliofukuzwa kwingineko Ulaya wakapata pa kukaa. Ndiyo maana walikuwa wengi pale. Hawakuvamia; walikaribishwa, wakakaa karne kwa karne.

Kisha Poland yenyewe ikafutwa kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria waliigawana vipande hadi 1795 pakawa hapana nchi tena, na hali ikabaki hivyo miaka 123. Watu wasio na dola wanashika nini? Walishika lugha na Kanisa. Sitawalaumu kwa hilo, ndivyo walivyopona. Ila katika kushika kule wakatokea wanasiasa, Roman Dmowski na wenzake wa chama cha kizalendo, waliogeuza kinga kuwa kipimo. Wakafundisha kwamba Mpoland ni Mkatoliki wa damu ya Kipoland, na asiyekuwa hivyo ni mgeni hata kama babu wa babu yake amezikwa hapo. Nchi iliporudi mwaka 1918, theluthi ya raia wake hawakuwa wa kipimo hicho: Waukraine, Wayahudi, Wabelarusi, Wajerumani.

Kilichofuata nataka ukisome polepole, maana wengi hukipita mbio. Tarehe 9 Desemba 1922 bunge lilimchagua rais wa kwanza, Gabriel Narutowicz. Alikuwa mhandisi wa mabwawa ya umeme aliyefundisha chuo kikuu Zurich, wala hakuwa Myahudi. Kosa lake lilikuwa moja tu: miongoni mwa wabunge waliompa kura walikuwamo wa jamii zile ndogo, Wayahudi wakiwamo. Magazeti ya upinzani yakapiga kelele kwamba huyu ni rais wa Wayahudi. Siku ya kuapishwa umati ulimzuia njiani, ukamtupia theluji na matope. Tarehe 16 Desemba alikwenda kufungua maonyesho ya picha katika jumba la sanaa la Zachęta, Warsaw. Akiwa anatazama picha, mchoraji mmoja, Eligiusz Niewiadomski, akampiga risasi akafa. Muuaji aliuawa kwa kupigwa risasi mwezi uliofuata, na wako waliokwenda kaburini kwake kama waendao kwa shujaa.

Mpoland alimuua Mpoland kwa jina la Poland, kwa sababu ya kura za Wayahudi. Siku saba tu tangu achaguliwe. Nikiambiwa niwafundishe vijana wa nchi yoyote somo moja la historia ya Poland, ningewafundisha hilo, kisha ningekaa kimya waulize maswali.

Wewe ni mwanafunzi, basi na hili likuguse. Mwaka 1937 vyuo vikuu vya Poland viliruhusiwa kuwatengea wanafunzi Wayahudi viti vyao upande mmoja wa ukumbi. Wengi walikataa kuvikalia. Walisimama nyuma saa nzima ya mhadhara, daftari mkononi, wanaandika hivyo hivyo, huku wenzao wakiwazomea. Wako wanafunzi na maprofesa wachache Wapoland waliosimama nao. Mwaka huo huo serikali ilituma tume Madagascar, huku kwetu Bahari ya Hindi, kuchunguza kama Wayahudi wangeweza kuhamishiwa huko. Wamalagasi nao, nani aliwauliza?

Najua utakachonijibu, maana wewe ni mbishi kama mama yako. Utasema: kwa hiyo Wapoland ni watu wabaya. Hapana, tena hapana. Ukinielewa hivyo umepoteza muda wangu na wako. Hapo Tengeru, nje kidogo ya Arusha, tangu 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto. Sovieti iliwang’oa makwao ikawatupa Siberia. Walipoachiliwa wakapita Uajemi hadi wakafika Tanganyika. Makaburi yao yangali pale. Walitendewa hivyo kwa sababu ya kuwa Wapoland. Na waliobaki nyumbani waliuawa kwa mamilioni. Warsaw ilibomolewa mtaa kwa mtaa baada ya maasi ya 1944. Maumivu yao si ya kuigiza.

Na katika Ulaya iliyokaliwa na Wajerumani, Poland ilikuwa mahali ambapo kumficha Myahudi kuliadhibiwa kwa kifo, cha mfichaji na cha watu wa nyumba yake. Pamoja na hayo, zaidi ya Wapoland 7,000 wametambuliwa na Israel kuwa waliwaokoa Wayahudi, wengi kuliko wa taifa lingine lolote. Katika kijiji cha Markowa mkulima Józef Ulma na mkewe Wiktoria waliwahifadhi Wayahudi wanane darini. Tarehe 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani waliwaua wale wanane, wakamuua Józef, wakamuua Wiktoria aliyekuwa mjamzito, kisha wakawaua watoto wao sita. Mwaka 2023 Kanisa Katoliki liliitangaza familia nzima kuwa wenye heri. Na kijijini humo humo, hata baada ya mauaji hayo, familia nyingine ziliendelea kuwaficha Wayahudi wapatao ishirini hadi vita vikaisha. Mimi sijui kama ningefanya hivyo. Nawe usiseme upesi kwamba ungefanya.

Ila simulizi hiyo ina mtu mwingine ambaye kwenye hotuba hupitwa haraka. Anayeshukiwa zaidi kuwa ndiye aliyewachongea akina Ulma ni polisi wa Kipoland, aliyekuwa ameshika mali ya baadhi ya Wayahudi hao. Józef alikuwa Mpoland, na huyo polisi alikuwa Mpoland. Taifa linalotaka kumrithi Józef peke yake linarithi nusu ya nyumba.

Nusu ya pili ndiyo Jedwabne. Tarehe 10 Julai 1941, katika mji huo mdogo wa kaskazini-mashariki, Wayahudi walikusanywa uwanjani, wakasukumwa hadi kwenye ghala la nafaka, ghala likatiwa moto. Kwa miaka mingi jiwe la ukumbusho lilisema waliofanya hivyo ni Wajerumani. Mwaka 2000 mwanahistoria Jan Tomasz Gross alitoa kitabu alichokiita Majirani, akasema wauaji walikuwa watu wa mji huo huo. Nchi ikatikisika. Taasisi ya serikali ya kumbukumbu za taifa ikachunguza, ikathibitisha: waliouawa walikuwa si chini ya 340, Wajerumani ndio waliochochea, na watendaji walikuwa wanaume wa Kipoland wasiopungua 40. Julai 2001 Rais Aleksander Kwaśniewski alikwenda pale akaomba msamaha. Wakazi wengi walijifungia ndani siku hiyo, na paroko hakuhudhuria. Jiwe jipya linataja waliouawa, halitaji waliowaua.

Kumbuka ile hati ya Kalisz na faini yake kwa jirani asiyetoka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwaka 2018 bunge la Poland lilipitisha sheria ya kumfunga hadi miaka mitatu mtu atakayelibebesha taifa la Poland makosa ya Wanazi. Ukweli ni kwamba walikuwa na dukuduku la haki: kambi za mauaji zilijengwa na Wajerumani, na dunia imezoea kuziita “kambi za Poland”, hata Rais Obama aliteleza ulimi hivyo mwaka 2012, akajuta. Mimi pia ningeudhika. Lakini kosa la lugha husahihishwa kwa kalamu, si kwa gereza. Baada ya ugomvi mkubwa na Israel na Marekani adhabu ya kifungo iliondolewa Juni mwaka huo huo. Kilichobaki ni woga: mwalimu wa shule ya wilayani akifikiri mara mbili kabla hajawasimulia wanafunzi wake habari za ghala.

Wanaosema hayo ni mambo ya vita tu, na kwamba vitani kila mtu huwa mnyama, waulize kuhusu Kielce. Ni Julai 1946, Wajerumani wamekwisha kuondoka. Mtoto wa miaka minane alikuwa amepotea siku mbili. Aliporudi ikasemwa kwamba Wayahudi walimfungia katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba namba 7, mtaa wa Planty, walikokuwa wakiishi watu waliopona kambini. Kumbe mtoto alikuwa amekwenda kijijini kwa marafiki wa wazazi wake. Polisi wakaenda kuangalia. Nyumba ile haikuwa na chumba cha chini. Hakikuwapo kabisa! Yeyote aliyezunguka nyumba angeliona hilo. Lakini uvumi wa damu, ule ule uliokatazwa mwaka 1264, ulikuwa umeshatangulia mjini. Askari na raia waliingia, na jioni Wayahudi 42 walikuwa wamekufa. Miezi iliyofuata makumi ya maelfu waliondoka Poland. Wengine walikuwa wamepona Auschwitz.

Na 1968 haikuwa kazi ya Kanisa wala ya wazalendo wa zamani. Ilikuwa ya chama cha kikomunisti, kilichohubiri udugu wa mataifa yote. Wanafunzi walipoandamana kudai uhuru baada ya mchezo wa kuigiza wa Mickiewicz kupigwa marufuku, wakubwa wakatangaza kwamba nyuma yao wako Wazayuni. Watu wakafukuzwa kazi, wengine wakiambiwa na ofisi kwamba wao ni Wayahudi, habari ambayo nyumbani haikuwahi kuzungumzwa. Wapatao 13,000 waliondoka, wengi kupitia stesheni ya Gdański mjini Warsaw, mkononi wamepewa karatasi ya kusafiria inayosema mwenye hati hii si raia wa Poland. Soma tena: haikusema ni raia wa wapi. Na kejeli yake ni kwamba Mickiewicz huyo, mshairi mkuu wa taifa, alifia Istanbul mwaka 1855 akihangaikia kuunda kikosi cha askari wa Kiyahudi.

Katika mji wako aliishi daktari wa moyo aliyeitwa Marek Edelman. Mwaka 1943 alikuwa miongoni mwa viongozi wa maasi ya geto la Warsaw, kijana wa umri kama wako. Baada ya wimbi la 1968 mkewe na watoto walihamia Ufaransa. Yeye akabaki Łódź, akatibu mioyo ya Wapoland hadi uzeeni, akafariki 2009. Ukiingia wodini kufanya mazoezi, jua kwamba mji huo umewahi kuwa na daktari wa namna hiyo, na kwamba wapo watu waliomwona si mwenzao.

Ya karibuni sitayachambua yote. Mengine umeyaona mwenyewe kwenye simu. Moja nalirudia kwa sababu linawahusu ndugu zetu Waislamu. Novemba 2015, mjini Wrocław, watu walikusanyika kupinga wakimbizi, na wakimbizi waliokuwa wakizungumzwa wengi wao walikuwa Waislamu kutoka Syria. Katikati ya mkutano huo wakatoa sanamu wakaichoma moto. Sanamu ya nani? Ya Myahudi mwenye kofia nyeusi. Kwa hiyo ukinijibu, “Babu, lakini Gaza?” nitakwambia machozi yangu kwa watoto wa Gaza unayajua, na serikali ya Israel nimeilaumu mbele yako mara nyingi kwa mabomu yake. Ilaumu na wewe, kwa jina la serikali na kwa matendo yake. Wale wa Wrocław hawakuwa wakimlilia Mpalestina. Angefika mpakani kwao wangemfukuza kwanza. Anayechanganya mambo hayo mawili hamsaidii Mpalestina kwa lolote. Anaazima kuni za watu ambao moto wao unamngoja yeye pia.

Mmoja wa vichwa vya mkutano ule alikuwa Kalisz tarehe 11 Novemba 2021, sikukuu ya uhuru. Mbele ya umati ulioimba Wayahudi wafe, kilichomwa moto kitabu kilichowakilisha ile hati ya 1264. Yaani walichoma sheria ya mtawala wao wenyewe, sheria ya Kipoland, kazi ya mababu zao wanaodai kuwaenzi. Rais na waziri wa mambo ya ndani walilaani, na watu wakakamatwa. Desemba 2023 mbunge Grzegorz Braun alichukua mtungi wa kuzimia moto ndani ya jengo la Bunge akazima mishumaa ya Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi, iliyowashwa pale. Mwanamke aliyejaribu kumzuia alipuliziwa ule unga usoni. Spika akamtoa ukumbini na mishumaa ikawashwa tena. Ningependa kuishia hapo. Lakini mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia Bunge la Ulaya, na Mei 2025, alipogombea urais, alipata zaidi ya asilimia 6 ya kura, watu zaidi ya milioni moja, akashika nafasi ya nne. Julai alisema redioni kwamba vyumba vya gesi vya Auschwitz ni uongo. Auschwitz, ambako hata Wapoland wasio Wayahudi wapatao 70,000 walifia! Kwa kuwakana Wayahudi amekana na maiti za kwao.

Marian Turski, aliyepona Auschwitz, alikwisha kuwaonya. Alisimama pale Januari 2020, mzee wa miaka tisini na kitu, akawaambia vijana kwamba mahali pale hapakuanguka kutoka mbinguni. Palianza kwa vitu vidogo, kama benchi lililoandikwa kwamba Myahudi asilikalie, na watu wakalizoea. Alifariki Februari 2025. Waliobaki wa rika lake sasa wanahesabika kwa vidole, na sisi wazee wa nchi nyingine tunaweza kurudia tu, kwa sauti dhaifu, yale waliyoyaona wao kwa macho.

Na wewe, ngozi yako imetangulia mbele yako katika mitaa hiyo. Katika maandamano ya uhuru ya 2017 Warsaw yalionekana mabango ya kudai Ulaya iwe ya weupe. Machi 2022, wanafunzi wa Kiafrika na Kiasia waliokimbia vita vya Ukraine walishambuliwa mjini Przemyśl na vijana wa kizalendo, siku zile zile ambazo maelfu ya Wapoland walikuwa wakifungua nyumba zao kupokea wakimbizi. Kipimo cha Mpoland halisi hakikuwekwa kwa ajili ya Myahudi peke yake. Hivyo unapocheka nao kwenye mzaha wa sarafu usidhani umekaribishwa mezani.

Basi nisikuchoshe. Huyo mwenzako usimhubirie. Ni mwema, amekununulia zawadi kwa fedha yake, na kijana akihubiriwa na mgeni hujenga ukuta. Mwombe siku moja akupeleke stesheni ya Radegast, hapo hapo Łódź, ambako treni ziliwapakia watu wa geto kwenda kambi za mauaji za Chełmno na Auschwitz. Huenda naye hajawahi kufika. Wenyeji wengi ndivyo walivyo. Mkirudi, mtengenezee chai, umuulize kwa adabu babu yake alifanya kazi kiwanda gani, na nyumba wanayoishi ilikuwa ya nani kabla ya 1939. Kisha nyamaza umwache azungumze, hata akichukua usiku mzima.